Chumvi Inayokunywa Ukungu

Watu wa Kalembe walimwita Mwalimu Chumvi, wala hawakumwita hivyo kwa ubaya. Wakipita nyuma ya shule ya misheni kwenda mashambani, walimkuta amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko lake la makaa, amepachika vichupa vyembamba vya kioo ndani ya sufuria ya mchanga wa moto, na ndani ya vichupa hivyo chumvi nyeupe imeyeyuka, imekuwa kama maji. Miaka ile ya baada ya uhuru chumvi ya kula ilikuwa imeadimika milimani. Mama wa nyumba aliweza kutembea hadi soko la Kitchanga akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mtu mzima kuchoma chumvi kwenye moto kila alasiri, bila hata kipande cha nyama pembeni, lilikuwa jambo la kusimuliwa.

"Mwalimu, hiyo iko ya kula?" walimwuliza.

"Ukikula, tumbo itakusumbua."

"Sasa inakusaidiaka nini?"

Hapo alicheka tu, akarudisha macho kwenye vichupa vyake.

Jina lake kamili lilikuwa Symphorien Bauma, Muhunde wa Burungu, katika milima ya Masisi. Mama yake, Emérita, alikuwa mjane aliyelima maharagi na mihogo kwenye mteremko mkali, mahali ambapo jembe likikuponyoka unalifuata bondeni. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Léopold, aliondolewa shuleni mapema ili pawepo mtu wa kulima. Mdogo aliachwa asome. Hakuna aliyekaa chini kuamua jambo hilo. Lilitokea tu, kama yanavyotokea mambo mengi katika nyumba isiyo na baba, na Léopold hakulisema kwa miaka mingi.

Symphorien alisoma mpaka akafika chuo kikuu, mji mkuu, mbali sana na Masisi. Huko alifundishwa kemia na mzungu mmoja mzee, Profesa Gustave, ambaye alikuwa na kazi moja iliyomtawala akili yote. Alitaka kujua metali kama kobalti, nikeli na shaba zinafanya nini zikiyeyushwa mahali ambapo hakuna maji kabisa.

Mtu asiyejua anaweza kudhani hilo ni swali la kipuuzi. Lakini Symphorien alipoliona mara ya kwanza kwa macho yake, lilimshika na halikumwachia tena. Kobalti ukiiweka kwenye maji inakuwa na rangi ya waridi, kwa sababu kila chembe yake inazungukwa na maji pande zote. Profesa aliyaondoa maji. Alichukua nitrati ya lithiamu na nitrati ya potasi, chumvi mbili ambazo kila moja peke yake inahitaji moto mkali. Zikichanganywa kwa kipimo chake, zinayeyuka kwa joto dogo, chini ya joto la mafuta ya kukaangia mandazi. Akadondosha humo punje ya kobalti. Waridi haikuonekana. Ilitokea zambarau. Kisha akaongeza kloridi, kidogo kidogo, na zambarau ikaanza kugeuka. Kila alipoongeza, chembe za kloridi zilisukumana kuingia karibu na kobalti na kuondoa zile za nitrati, mpaka chupa nzima ikawa bluu kali, bluu ya kuumiza jicho. Ukiipoza kidogo, zambarau inarudi. Ukiipasha, bluu inakuja. Shaba nayo ilikuwa na tabia yake, ikitoka kwenye bluu hafifu kwenda kwenye kijani cha manjano. Nikeli ilikuwa na yake. Chuma chenyewe kilikataa kabisa, kikaanguka chini kama tope la kahawia.

"Kloridi kiasi gani inatosha?" Profesa alimwambia. "Na kwa joto gani? Na tone dogo la maji likiingia, linaharibu nini? Hilo ndilo lako, Bauma. Tafuta."

Mwaka wa sitini, nchi ilipopata uhuru na askari wakaasi, Profesa Gustave aliondoka na begi moja. Kabla ya kuondoka alimpa Symphorien sanduku la mbao: chupa za chumvi, vichupa vya kioo, kipimajoto kimoja, mizani ndogo. Alisema ataandika. Labda aliandika. Barua zilikuwa hazifiki siku zile. Masomo yakasimama, Symphorien akarudi kwao na sanduku lake, na mapadri wa Kalembe wakampa darasa la kufundisha.

Adui wake huko alikuwa hewa. Kalembe iko pale milima ya Masisi inapoanza kuteremka kwenye msitu wa Walikale, na asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, unalowesha blanketi. Nitrati ya lithiamu ndiyo iliyofanya mchanganyiko uyeyuke kwa joto dogo, na hiyohiyo lithiamu ilikuwa na kiu isiyoisha. Ukiacha chupa wazi, ile chumvi inavuta maji kutoka hewani mpaka inakuwa uji. Na maji yakishaingia, rangi zote zinadanganya. Ilimbidi aikaushe juu ya moto kwa majuma, aipime, aikaushe tena, kisha aifungie kwenye chupa kubwa ya kahawia na kuziba mdomo wake kwa nta ya mishumaa ya kanisani. Ile ya potasi haikuwa na shida hiyo. Aliiweka kwenye debe la kawaida, pembeni, kama mtu anavyoweka unga.

Mwaka wa sitini na mbili alioa. Mkewe, Mukamurenzi, alikuwa binti wa mfugaji mmoja mwenye kusema Kinyarwanda, mwenye ng'ombe kwenye kilima kinachotazamana na Burungu. Watu wa pande zote mbili walicheza arusini, walikunywa, walipeana mikono. Mukamurenzi alikuwa mshonaji, na jicho lake kwa rangi lilishinda la mumewe. Ndiye aliyekaa upande wa pili wa mbabula na kusema kama zambarau imekwisha au bado.

"Bado," alisema. "Bado iko na wekundu ndani."

"Sasa?"

"Sasa imefika."

Naye Symphorien alitoa kichupa, akapima, akaandika. Hizo zilikuwa saa zao nzuri. Walipata mtoto wa kike, wakamwita Elisabeth.

Katika mwaka huohuo wa arusi Léopold alikuja kuwatembelea. Alileta maharagi na ndizi, akakaa siku kadhaa, akamtazama mdogo wake akifanya kazi. Siku moja alitaka kusaidia, akasogeza makaa kwa mkono, na Symphorien akamshika haraka.

"Angalia, kaka! Kipande cha makala kikianguka ndani ya hii, kitawaka kama baruti."

"Kama baruti kweli?"

"Baruti yenyewe imetengenezwa na chumvi ya namna hii. Na makala. Na ule unga wa njano wanaopulizia kahawa."

Alisema hivyo kama mwalimu anavyosema, kwa furaha ya kueleza, na dakika ileile akasahau.

Vita vya milima ya Masisi havikuanza kwa siku moja. Kwanza yalikuwa maneno: nani mwenyeji, nani mgeni, nani apige kura, nani awe chifu, ng'ombe wa nani wamekula shamba la nani. Kisha nyumba moja ikachomwa. Kisha nyingi. Mwaka wa sitini na tano ulipofika, kilima cha Burungu na kile cha wakwe wa Symphorien vilikuwa vinatazamana bila kusalimiana, na kati yao hakuna aliyeshuka bondeni kuchota maji bila mkuki.

Léopold alikuja tena Kalembe. Safari hii hakuleta maharagi. Alikaa kwenye kiti, akakataa chai, akasubiri Mukamurenzi atoke na mtoto.

"Tuko na bunduki," alisema. "Zile za zamani za kuwindia. Baruti njo hatuna. Nipe ile chumvi yako."

"Kaka, bale bantu ni ndugu za Mukamurenzi, bibi yangu."

"Na sisi tuko nani yako?"

Symphorien alitazama mlango, asije Mukamurenzi akasikia.

"Balichoma nyumba ya mama," Léopold aliendelea. "Mama analala jikoni kwa jirani. Weye uko huku unachemsha rangi."

"Mama akuje hapa. Kesho nitamufuata."

"Mama hatakuja kulala na muntu wa kule." Alisimama. Ndipo akasema lile ambalo hakuwahi kulisema. "Miye niliacha masomo juu yako. Sijakuomba kitu tangu siku ile. Leo ninakuomba."

"Siwezi kutoa kitu cha kuua baba ya bibi yangu."

Léopold alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Kisha akatoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata, watu wote wakiwa kwenye misa, aliingia nyumbani kwa mdogo wake kwa mlango wa nyuma. Symphorien alipotoka kanisani alikuta kufuli limevunjwa. Aliangalia debe la potasi: lilikuwa pale, halikuguswa. Chupa ya kahawia haikuwepo. Alielewa mara moja. Léopold alikuwa ameona chupa iliyozibwa kwa nta, iliyofungiwa peke yake kabatini, akafikiri kwamba kinacholindwa hivyo ndicho chenye nguvu. Alikuwa amebeba lithiamu.

Mukamurenzi alisimama mlangoni na Elisabeth mgongoni.

"Amebeba nini?"

"Ile inayokunywa maji."

"Inafaa kwa baruti?"

"Hapana. Kwa ukungu wa kule itakuwa matope. Bunduki hazitalia."

Alisema hivyo, na kifuani akahisi kama mtu aliyeshusha mzigo. Bunduki hazitalia. Léopold atajaribu, itashindikana, atatukana, atatupa, basi. Hakuna atakayekufa. Ilikuwa kama Mungu mwenyewe ameingiza mkono kabatini na kuchagua.

Mukamurenzi hakuonekana mwepesi. Aliketi kwenye ngazi.

"Utaenda kumwambia?"

"Nikimwambia atataka ile ingine."

"Usipomwambia, atashuka bondeni na bunduki ambayo haiwaki."

"Hatashuka bila kuijaribu. Kaka yangu si mupumbavu."

Mkewe alitazama upande wa milima kule kwao, ambako hakukuonekana kitu ila mawingu. Baba yake alikuwa huko, na kaka zake, na Léopold vilevile, aliyecheza arusini mwake mpaka kiatu kikakatika. "Sijui nikuombe nini," alisema. "Nikisema uende, ninaua kwetu. Nikisema ubaki, ninaua kwenu."

Symphorien alibaki.

Zilipita siku kadhaa. Kisha akapita Raphaël, katekista aliyekuwa akizunguka kati ya Burungu na Kalembe kwa miguu. Alikaribishwa, akapewa ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo, akala na kusimulia habari za huko. Burungu, alisema, watu wamepata moyo. Léopold ametengeneza baruti yake mwenyewe. Ameijaribu mbele ya watu wote, kando ya moto, ikawaka na moto mwekundu kama pilipili. Hawajawahi kuona baruti ya namna ile. Wanaimba.

Symphorien aliacha kula. Moto mwekundu ndiyo rangi ya lithiamu. Wameikausha vizuri, akafikiri, wameikausha jikoni kando ya moto, na ikiwa kavu itawaka kama nyingine yoyote. Wameiona ikiwaka. Sasa wanaiamini. Na watakapoibeba kwenye vibuyu vya baruti, walale nayo porini kungojea, ukungu ukipanda kutoka bondeni...

"Banaenda siku gani?" aliuliza.

"Sijui. Karibu. Balikuwa banangojea mwezi uishe."

Aliondoka saa ileile. Hakubeba kitu. Mukamurenzi alimfuata mpaka mwisho wa uzio wa misheni; mumewe hakugeuka. Njia ya kwenda Burungu inapanda na kushuka bila huruma, na mvua ilikuwa imeharibu madaraja ya miti. Alitembea siku nzima, akalala kidogo kwenye kibanda cha wachungaji, akaendelea kabla hakujapambazuka vizuri. Njiani alipanga maneno. Atamwambia: kaka, ile chumvi imekudanganya, ingoje, usiende. Léopold akiuliza ipi basi isiyodanganya, atajibu nini? Hakufika mwisho wa jibu hilo. Kila kilima alichopanda alianza upya, na kila mara alikwama palepale.

Alipofika kwenye migomba ya kwao alisikia kilio, akajua hakuna haja ya maneno.

Waliouawa walikuwa wamelazwa kwenye majani ya migomba, mmoja karibu na mwingine, nyuso zimefunikwa. Léopold alikuwa wa mwisho upande wa kulia. Alipigwa mkuki mara moja tu, chini ya mbavu. Bunduki yake iliwekwa kando yake. Symphorien alipiga magoti, akaingiza kidole mdomoni mwa bunduki, akakitoa. Kilikuwa na tope jeusi laini, kama lile la chini ya mtungi.

Kijana mmoja aliyenusurika alikuwa anasimulia kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Tulivuta. Zote. Hata moja haikulia. Walikuwa mbele yetu, tunawaona meno. Tukavuta tena. Ndipo wakaelewa."

Mama Emérita aliketi chini, miguu ameinyoosha. Alimwona mwanawe mdogo, akaona kidole chenye tope, akaona anavyokitazama. Mama alikuwa hajui kusoma, lakini uso wa mtoto wake aliujua.

"Symphorien. Ile kitu ilitoka kwako?"

"Aliibeba, mama. Sikumupa."

"Na ulijua ni mbaya?"

Angeweza kusema hapana. Baadaye, katika miaka yote iliyobaki, alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema hapana, neno fupi, ambalo hakuna mtu pale angeweza kulipinga. Lakini mama yake alikuwa anamtazama.

"Nilijua," alisema.

Hakuna aliyempiga. Walimfungulia njia tu, kama watu wanavyompisha mgonjwa wa ukoma, naye akatembea katikati yao mpaka akatoka upande wa pili. Kaka yake alizikwa bila yeye.

Serikali ilipotuma askari kutuliza milima, swali la kwanza walilouliza lilikuwa: baruti ilitoka wapi? Kila mdomo ulikuwa na jina lilelile. Walikuja Kalembe kwa lori mchana, wanafunzi wakiwa darasani. Kapteni wao alikuwa mtu wa mbali, mwenye sauti ya upole. Aliamuru sanduku liletwe nje, akatandaza vitu juu ya nyasi, akainua kichupa kimoja kwenye mwanga. Kilikuwa na kobalti iliyoganda, zambarau.

"Weye njo unapikaka baruti?"

"Hapana, mon capitaine. Ninasoma tabia ya metali ndani ya chumvi iliyoyeyuka."

"Hii ni nini?"

"Kobalti."

"Inafanya nini?"

"Inabadilisha rangi. Ukiongeza kloridi inakuwa bluu."

Kapteni alikigeuza kichupa. "Halafu?"

"Halafu... ni hiyo tu."

"Muntu mwenye masomo ya université," kapteni alisema polepole, "anakaa porini, wakati wa vita, na debe nzima ya chumvi ya baruti, anachoma moto kila siku, juu ya kuona bluu?"

Askari mmoja alicheka. Walimfunga kamba mikononi. Vichupa vilivunjwa kwa kitako cha bunduki juu ya jiwe la kufulia, kimoja kimoja, na mvua ya alasiri ikaja ikaosha rangi zote kwenye mfereji. Kwa muda mfupi maji ya mfereji yalikuwa na waridi hafifu. Watoto wa shule walisimama madirishani kutazama.

Gerezani, kwenye mji wa kando ya ziwa, alikaa bila kesi. Walimwuliza alimtengenezea nani baruti, naye akasema hakumtengenezea mtu, na kila mara jibu hilo liliandikwa kama ukaidi. Alipata kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Siku aliyotolewa hakuambiwa kwa nini, kama vile hakuambiwa kwa nini aliwekwa. Kulikuwa na serikali mpya, kapteni alikuwa amehamishwa, chumba kilihitajika.

Alikwenda Kitchanga siku ya soko, kwa sababu alisikia kwamba Mukamurenzi anashona huko, kwenye baraza ya mfanyabiashara. Alimkuta ameinama juu ya cherehani. Alikuwa amekonda. Elisabeth alikaa chini ya meza, anachezea vipande vya vitambaa, na hakumtambua baba yake. Alijificha nyuma ya mguu wa mama.

Walisalimiana kama watu wa jirani, kwa sababu soko lilikuwa linatazama.

"Uko na kikohozi," alisema Mukamurenzi.

"Itapona. Nimekuja kuwabeba. Twende."

"Wapi?"

"Kalembe."

"Kalembe iko na mwalimu mwingine. Nyumba yetu anakaa yeye."

"Basi Burungu. Nitajenga."

Alimkazia macho mpaka Symphorien akaona aibu kwa kusema hivyo. Kisha akazungumza kwa sauti ya chini, sindano bado mkononi. "Kwetu banasema baruti ilitoka kwako. Baba yangu hataki kusikia jina lako. Kwenu banasema uliiharibu juu yangu. Mama yako aliniona hapa sokoni, akatema mate chini. Sasa niambie, tukae wapi? Kwenye barabara?"

"Ulijua ukweli. Ulikuwa pale."

"Nilijua. Njo maana sikukasirika." Alifuta jicho kwa kitambaa alichokuwa anakishona, kitambaa cha mtu mwingine, akakigeuza upande wa pili ili alama isionekane. "Lakini kujua kwangu kunakusaidia nini, Symphorien? Ni weye na miye tu tunaojua."

Mwenye baraza alitokea mlangoni. Mukamurenzi akarudisha mguu kwenye cherehani. Symphorien alichuchumaa, akampa Elisabeth mkate aliokuwa nao. Mtoto aliuchukua bila kutoka nyuma ya mguu.

Akaenda chini, Walikale, kama wanavyoenda watu wasio na pa kwenda, kwa sababu msitu hauulizi. Alipata kazi ya kuosha mchanga wenye madini ya bati kwenye kijito kimoja, maji mpaka magotini tangu asubuhi. Mama mmoja mzee, Euphrasie, alimpa kona ya nyumba yake na kipande cha shamba la mihogo, bila kumuuliza anatoka wapi. Watu wa huko hawakumwita Mwalimu Chumvi. Walimwita Papa Symphorien, na walimpenda kiasi, kama anavyopendwa mtu asiyesumbua.

Alijaribu, mwanzoni, kukumbuka vipimo. Akiwa anaosha mchanga alirudia kichwani: joto hili, kloridi kiasi hiki, zambarau, joto lile, bluu. Vingine vilikuwa vimeshatoka. Lakini jibu lenyewe alikuwa nalo. Alijua kwamba maji kidogo sana, kiasi ambacho mizani haionyeshi, yanatosha kuizuia bluu isifike, na kwamba moto ukizidishwa unayashinda hayo maji, bluu inafika. Alikuwa amelipata kabla ya vita, na hakuwa amemwambia mtu yeyote duniani, ila mkewe.

Mwaka wa sitini na nane mhandisi mmoja kijana kutoka Ulaya alipita akipima vijito. Alishangaa kumkuta mwosha mchanga anayesema Kifaransa safi, akamkaribisha kahawa chini ya turubai. Symphorien hakuwa amepanga kusema. Lakini kahawa ilikuwa ya moto na mvua ilikuwa inanyesha, na miaka ilikuwa imepita tangu mtu amwulize alisoma nini. Alieleza yote: nitrati, kobalti, kloridi, maji. Mikono yake ilianza kuonyesha ukubwa wa vichupa hewani.

Mhandisi alisikiliza kwa adabu. "Kobalti ndani ya nitrati? Hilo lilishafanywa, nadhani. Kulikuwa na makala moja ya jarida tuliyosomeshwa chuoni, ya zamani kidogo. Ya mwaka wa hamsini na tisa, au hapo karibu. Wana mashine zinazosoma mwanga, unajua. Haihitaji macho."

"Hamsini na tisa," alisema Symphorien. Mwaka huo sanduku lilikuwa bado kwa Profesa. "Walikuta nini kuhusu maji?"

"Oh, sikumbuki. Haikuwa kwenye mtihani wangu." Mhandisi alitabasamu, akamwongezea kahawa. "Ilikuwa bluu mwishoni, hilo nakumbuka."

Symphorien alishukuru, akamaliza kikombe kwa sababu kuacha kahawa ya mtu ni utovu wa adabu, akarudi kijitoni.

Raphaël alimpata huko mwaka uliofuata. Alikuwa amezeeka, na alitembea kwa fimbo. Alikuja mahsusi, si kwa kupita, na Symphorien alipomwona tu akajua amebeba habari. Akamzuia kwa mkono.

"Kula kwanza," alisema.

Mama Euphrasie aliwapakulia mihogo na samaki mdogo wa kijitoni. Walikula. Walipomaliza kunawa, Raphaël akasema: Mama Emérita amekufa, mwanzo wa masika, wamemzika kando ya Léopold. Aliumwa siku chache. Hakuita mtu.

"Aliulizia chochote?"

"Hapana, Symphorien. Nisikudanganye."

Symphorien alitikisa kichwa. "Na wale wa Kitchanga?"

"Mukamurenzi amevuka mpaka. Mjomba wake alimchukua, yeye na mtoto. Bamoja banasema Uganda, bengine banasema Rwanda kwenyewe. Nilienda pale barazani kuuliza. Hata cherehani haiko."

Mvua ilikuwa imetulia. Mahali fulani ndani ya msitu mtu alikuwa anakata mti, na sauti ya shoka ilifika ikifuatwa na mwangwi wake. Raphaël aliuliza kama angependa wasali pamoja, na Symphorien akasema ndiyo, wakasali. Kisha akamtandikia katekista mkeka upande usiovuja, akamchemshia maji ya kuogea miguu, akakaa karibu naye mpaka mzee alipopata usingizi. Asubuhi alimsindikiza hadi kwenye daraja la miti. Waliagana. Raphaël akasema atarudi akipata nguvu, na wote wawili walijua hatarudi.

Siku hiyo Symphorien hakwenda kijitoni. Magugu yalikuwa yamefunika mihogo ya Mama Euphrasie, na mama yule mgongo wake ulikuwa haupindi tena vizuri. Alichukua jembe akaanza mstari wa kwanza, akikohoa, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi, na mpaka jua lilipozama alikuwa hajafika hata nusu ya shamba.